Proksi tuli au inayozunguka? Nimezilipia zote mbili

Assalamu alaykum jamani, karibuni. Leo nimekaa barazani Mlandege, kelele za vespa mtazistahamilia. Nna proksi mbili hapa, moja tuli, moja inayozunguka, na zote nimezilipia mwenyewe. Hakuna aliyenipa ya bure ili niisifie.

Kwa asojua, proksi ni kompyuta ya kati inayokufungulia tovuti kwa anwani yake ya intaneti badala ya yako. Ni kama mtoto wa kutumwa dukani: mwenye duka anamwona yeye, wewe hakuoni. Tuli, kila siku unamtuma mtoto yule yule. Inayozunguka, kila safari anakwenda mwengine. Tazameni skrini. Naiuliza httpbin.org/ip, ukurasa unaokwambia umeonekana na anwani gani, mara tano kwa ile tuli: anwani ile ile, haijatingishika. Sasa hii nyengine... moja, mbili, tatu, kila jibu na anwani yake. Raha kuitazama, sikatai.

Sasa kazi yenyewe. Binamu yangu ana nyumba ya wageni Jambiani, vyumba sita. Kabla ya msimu wa Julai anataka kujua majirani wanauza chumba bei gani. Nikajipa moyo, inayozunguka ndio dawa. Oneni jadweli lilivyotoka: mstari wa kwanza 95, wa pili 580. Nikasema huyu kaingiwa na wazimu. Kumbe chumba ni kile kile! Ombi la kwanza limetokea Ujerumani, tovuti imejibu kwa yuro. La pili limetokea Brazili, imejibu kwa reali. Siku nzima imekwenda na maji. Kama mnatumia hii, chagueni nchi moja tu kwenye mipangilio, na sarafu muiwekee safu yake.

Halafu malipo. Tuli nalipa kwa anwani kwa mwezi, basi. Inayozunguka nalipa kwa gigabaiti, na mie kwa uvivu nilifungua kurasa kwa kivinjari kizima, na mapicha yote ya mabwawa na vyandarua. Kifurushi hakikufika Alasiri. Zuieni picha, chukueni maandishi matupu.

Kwa tovuti ya kuingia na nenosiri, inayozunguka msiihangaikie. Unaingia na anwani moja, ukurasa wa pili unaonekana mtu mwengine, unatolewa nje. Huduma yangu inaweza kushikilia anwani moja kwa dakika 10, lakini ukishafika hapo si bora utumie tuli tu?

Tuli nayo ina lake. Ukiipigisha mbio, unapata jibu 429, yaani maombi yamezidi. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha anwani. Mie nasema punguza mwendo; mara nyengine seva yenyewe inakwambia, kwenye sehemu ya jibu iitwayo Retry-After, usubiri sekunde ngapi. Na kabla ya yote soma robots.txt, faili la tovuti linalosema programu kama zetu zisiingie wapi, na masharti ya tovuti. Mwenye nyumba akisema usiingie, mtoto wa kumi hageuzi jibu.

Kurasa zangu zilikuwa 60. Nikaweka ukurasa mmoja kila sekunde 5, kwa proksi tuli. Dakika tano, kwisha, hakuna 429 hata moja. Kusema kweli hata bila ya proksi ingekwisha, ila intaneti yangu ya simu nachangia anwani moja na watu chungu nzima, na mmoja wao akivuruga tunazuiwa sote.

Inayozunguka namwachia mwenye makumi elfu ya kurasa, au anayetaka hasa kuona bei inavyobadilika nchi kwa nchi. Na anunue kwa anayeeleza anwani za majumbani, yaani za intaneti ya watu wa kawaida, kazipata vipi, maana nyengine ni simu za watu waliopakua programu ya bure bila ya kusoma walichokubali.

Mie nabaki na tuli. Jadweli nimeshampelekea binamu, na ujumbe wake huu hapa: "Ahsante, sasa nitafutie na nani anaweka chai ya asubuhi ndani ya bei."