Siku 10 za krabi krabong Bangkok: uzoefu wangu

Nilipolipia mafunzo ya siku 10 ya krabi krabong, sanaa ya Kithai ya kupigana kwa silaha, mjini Bangkok, nilidhani ninakwenda kufundishwa kupigana kwa upanga. Siku 3 za mwanzo zikaishia katika kusalimu na kutembea. Nalisema hili mapema kwa sababu tangazo la chuo, ambacho sitakitaja jina, lilionesha panga tu, na wenzangu wawili waliozifuata panga hizo waliacha kabla ya siku ya 4.

Krabi ni upanga uliopinda kidogo, na krabong ni gongo. Zaidi ya hizo kuna daab song mue, yaani panga mbili, moja kila mkono, na mai sok san, vipande viwili vya mbao vinavyofungwa mikononi chini ya viwiko kwa kukingia na kupigia. Mwalimu alipotaja “ngao”, nilinyoosha mkono kuchukua ngao iliyotundikwa ukutani, naye akacheka sana: kumbe kwao ngao ni silaha ya mpini mrefu yenye bapa lililopinda, iliyotumiwa na wapiganaji waliopanda tembo.

Kila kipindi huanza kwa wai khru, heshima kwa walimu, ambapo mwanafunzi hupiga magoti, hukutanisha viganja mbele ya uso na kuinama, kisha huinuka akacheza polepole akiwa na silaha yake. Siku ya 2 niliiruka fimbo yangu iliyolala sakafuni. Mwalimu alinirudisha, akanipigisha magoti na kunitaka niisalimu. Hatua za yang sam khum, zinazofuata nukta tatu za pembetatu, ndizo zilizonitesa zaidi, kwa kuwa goti hupanda juu na mwili husubiri kwa mguu mmoja huku mikono ikizungusha fimbo mbili zisizogongana. Muziki wake huongozwa na pi chawa, ambayo kwa sikio la mtu wa Lamu kama mimi ni zumari kabisa, na mara kadhaa nilijihisi nimo katika kirumbizi, ngoma yetu ya fimbo. Tuliahidiwa wapigaji; tulichopata ni spika.

Tulifanya mazoezi kwa henzirani, wala si chuma, na hilo ni jambo jema, kwani vidole vyangu vilichapwa mara nyingi nisizozihesabu. Siku ya 6 fimbo yangu ilipasuka nchani katikati ya zoezi. Mwalimu akakataa nisimame, akanisimulia habari za Phraya Phichai, jemadari wa Siam (Thailand ya zamani), aliyeendelea kupigana na Waburma mwaka 1773 baada ya upanga wake kuvunjika, na ambaye sanamu yake ipo Uttaradit, kaskazini mwa Thailand. Nikamaliza zoezi nikiwa na kipande, nimejaa fahari, hadi ofisi iliponidai bei ya fimbo mpya.

Lawama yangu kubwa ni idadi: tuliambiwa darasa halizidi watu 8, tukawa 14 kwa mwalimu mmoja, hivyo jioni nyingine alinisahihisha mara moja tu. Mwalimu mwenyewe sina la kumlaumu. Alikuwa mpole na hakuwahi kuharakisha.

Nimeomba kurudi Januari katika darasa la asubuhi, lenye watu wachache. Amekubali, ila ameniagiza nije zile hatua tatu zikiwa zimeshanikaa miguuni.