Duka la Wafilipino Toronto, kwa mla samaki wa Kipemba

Kila nikija Wete swali ni lile lile: "Huko kwenye baridi, samaki mnapata wapi?" Kwa mnaokwenda Toronto kusoma au kufuata waume, pandeni basi hadi njia panda ya Bathurst na Wilson, panapoitwa Little Manila, muingie duka la Wafilipino. Supamaketi waachieni wanaopenda samaki asiye na kichwa.

Hili ninaloliendea mimi ni dogo, limebanana, na mlango ukifunguka tu harufu ya samaki mkavu inakupokea. Mume wangu husubiri nje. Huko nyuma ndiko marikiti yenyewe: samaki wazima juu ya barafu, unafunua shavu mwenyewe, unabonyeza, hakuna anayekukodolea macho. Ukishachagua, kijana anakuuliza: apare tu, apasue, au akate vipande? Kichwa hakitupi, maana na wao ni watu wa mchuzi wa vichwa.

Ila kilichonimaliza ni mwatiko. Kwetu huyu samaki kwa miiba ndiye mwenyewe, kumlisha mtoto ni shughuli ya usiku mzima. Wenzetu wanamwita bangus. Wamempasua mgongoni, wakatoa miiba yote, hata ile midogo iliyojificha ndani ya mnofu, kisha wakamroweka kwa siki, thomu na pilipili manga. Unamkaanga, unakula na wali huku unapiga soga. Mabwawa ya mwatiko nasi tunayo hapa Pemba. Hiyo kazi ya miiba imetushinda nini?

Kwenye friza kuna majani ya mlonge, nazi iliyokunwa na kiazi kikuu cha zambarau. Nazi haifikii ya mbuzi, tui lake jepesi, lakini Ramadhani inakusitiri. Kiazi msikinunue kwa futari: kimekunwa kwa ajili ya vitamu vyao, ukikitia tui kinageuka uji. Tasi mkavu, danggit, simshauri mtu. Nilimroweka usiku kucha na chumvi haikutoka.

Halafu kuna mwani, umo ndani ya chupa! Mbegu tuliyoanza kulimia Paje na Jambiani mwaka 1989 ilitoka kwao Ufilipino. Sisi tunaanika, tunajaza magunia, tunauza nje. Wao wanautia siki na kitunguu, wanaula. Nilionja: unatafunika kwa mlio, na siki inaupendeza.

Kwa Muislamu, kaunta ya nyama ipite tu. Nguruwe yumo mpaka kwenye vitafunio vya pakti, kwa hiyo soma maandishi ya nyuma. Na ukitaka kukaangiwa samaki pale pale, uliza kwanza mafuta yamekaangia nini.

Nendeni asubuhi, siku ya kazi. Jumamosi foleni ya kupara samaki inafika kwenye rafu za mchele, na ukifikiwa zamu kamba wakubwa wameshakwisha.