Pampu ya Upepo kwa Gari la Umeme: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Kwenye gari la umeme pampu ya upepo si kitu cha ziada. Mengi ya magari haya huuzwa bila spea tairi, na betri peke yake ina uzito wa kilo mia kadhaa, uzito ambao mwishowe unabebwa na upepo wa tairi nne. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko kilichopo kwenye nguzo. Gari dogo la petroli mara nyingi limeandikwa psi (kipimo cha presha ya upepo) 30 hadi 33. La umeme utakuta kati ya 36 na 45. Tesla Model 3 yenye rimu za inchi 18, kwa mfano, inataka psi 42, ambazo ni bar 2.9 au kPa 290. Psi kumi hizo za juu ndizo zinazotenganisha pampu nzuri na mbovu. Karibu kila pampu hufika 25 bila shida. Kutoka 30 hadi 42 ndiko nyingi zinapoanza kupiga kelele bila kazi.

Usiisubiri taa ya dashibodi ikuambie. Kanuni ya Marekani inaitaka taa hiyo iwake presha ikishuka asilimia 25 chini ya kiwango cha kibandiko. Kwa tairi ya psi 42 hiyo ni kama 31. Ukiiona imewaka, tayari umeendesha siku nyingi tairi ikilika mabegani na betri ikitumika zaidi kuliko ilivyopaswa. Tairi nzima isiyo na pancha hupoteza psi 1 hadi 3 kwa mwezi, na baridi huongeza psi 1 nyingine kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Kwa hiyo pampu utaitumia kila mwezi, si siku ya pancha tu.

Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Tairi ya 235/45R18 ina nafasi ya ndani ya lita 35 hivi. Kila bar 1 unayoongeza inahitaji lita 35 za hewa ya kawaida. Kupandisha tairi moja kutoka psi 36 hadi 42 ni lita 15. Zote nne ni lita 60. Kujaza tairi iliyolala kabisa hadi 42 ni lita 100. Zishike namba hizo mbili, 60 na 100: ya kwanza ni kazi ya kila mwezi, ya pili ni kazi ya dharura.

Sasa angalia boksi. Maandishi makubwa yatasema "150 psi". Hiyo ni presha ambayo pistoni inaweza kuifikia mdomo wa mpira wa pampu ukiwa umezibwa. Haisemi lolote kuhusu kasi. Chini yake kutakuwa na lita kwa dakika, tuseme 35, zilizopimwa hewa ikitoka wazi bila kusukuma kitu. Mpira ukishafungwa kwenye tairi yenye psi 35, kiasi hicho hushuka sana. Ukikadiria lita 10 hadi 15 kwa dakika kwa pampu nzuri ya kubebeka, hutakosea mbali: kazi ya mwezi dakika 4 hadi 6, tairi iliyolala dakika 7 hadi 10. Namba ya kuisaka kwenye maelezo ni muda kutoka psi 30 hadi 42 kwa tairi ya ukubwa unaotajwa. Muuzaji anayeitoa anaijua bidhaa yake. Anayetoa muda wa "0 hadi 35" kwa tairi ya inchi 14 hajakuambia chochote kuhusu gari lako.

Namba ya pili ni wati-saa, yaani nishati iliyomo kwenye betri, na hapa wanunuzi wengi hudanganyika. Pampu ndogo ya betri huwa na seli tatu za mAh 2000 (yaani ampea-saa 2) zilizounganishwa mfululizo. Volti 11.1 mara ampea-saa 2 ni wati-saa 22. Boksi linaweza kujumlisha seli hizo na kuandika "6000 mAh", na hesabu hiyo inaonekana sawa na ya pampu yenye ampea-saa 6 za kweli kwa volti 11.1, ambayo ina wati-saa 67. Tofauti ni mara tatu. Pampu inayokula wati 100 kwa dakika 10 inamaliza wati-saa 17. Kwa hiyo ile ya 22 inajaza tairi moja iliyolala, ikiwa imechajiwa jana, na basi. Kama wati-saa hazijaandikwa mahali popote, iache.

Nafasi ya kwanza: pampu ya njia mbili

Hii ni pampu yenye betri yake, au inayovaa betri ya drili ya volti 18, na papo hapo ina waya wa soketi ya volti 12 ya gari. Tunaiweka juu kwa sababu inaondoa udhaifu wa kila upande. Betri ya drili ya ampea-saa 4 ina wati-saa 72, inatosha tairi kadhaa, na ikizeeka unabadilisha betri, hutupi pampu. Betri ikikuta imeisha, unachomeka waya. Gari likiwa limezima soketi yake, unatumia betri.

Kwa nini njia mbili zina uzito hasa kwenye gari la umeme? Soketi ile hailishwi moja kwa moja na betri kubwa. Inalishwa na mfumo mdogo wa volti 12, wenye betri yake ndogo, ambao betri kubwa huuchaji kupitia kibadilishi cha volti hasa gari linapokuwa limewashwa. Ukiendesha pampu gari likiwa limezimwa, unanyonya ile ndogo peke yake. Ikilala, gari haliwaki, na huenda hata lisifunguke, ingawa betri kubwa imejaa, kwa sababu swichi zinazounganisha betri kubwa huendeshwa kwa umeme wa ile ndogo. Tena baadhi ya magari hujizima dereva anapoinuka kitini, na pampu inanyamaza ukiwa umechutama kwenye gurudumu la nyuma. Tafuta kwenye skrini mpangilio wa kuacha umeme ukiwaka, na ujaribu nyumbani kwanza.

Kasoro yake ni ukubwa. Pamoja na betri ya drili inafika kilo 2 au 3.

Nafasi ya pili: pampu ya waya yenye silinda ya chuma

Kama buti lako ni dogo au hutaki kukumbuka kuchaji, chukua hii. Haina betri ya kuzeeka, na inaweza kukaa garini miaka ikiwa tayari. Tafuta yenye mota inayoendesha pistoni moja kwa moja na silinda ya chuma. Zile nyepesi mno mara nyingi huendesha pistoni kwa gia za plastiki. Gia hizo ndizo hulika kwanza, na unazisikia zikikwaruza presha ikipita 30.

Kipimo cha lazima ni ampea. Fungua kitabu cha gari utafute soketi ina fyuzi ya ngapi: 10, 15 au 20. Ampea 10 kwa volti 12 ni wati 120. Pampu iliyoandikwa wati 180 inavuta ampea 15, na inapoanza dhidi ya tairi ambayo tayari ina presha huvuta zaidi kwa kitambo kidogo. Kwenye fyuzi ya 10 itaikata, na kwa magari mengine fyuzi hiyo imefichwa pabaya. Nunua pampu inayovuta angalau ampea 2 pungufu ya fyuzi yako. Hakikisha pia soketi ipo: baadhi ya magari mapya yana USB-C tu, na USB-C haiendeshi pampu ya namna hii.

Halafu pima urefu. Gari la mita 4.7 lenye soketi katikati ya viti vya mbele linahitaji waya na mpira vinavyofika, vikijumlishwa, mita 4 au zaidi, ukipitisha mlangoni bila kuubana. Waya wa nyongeza mwembamba si dawa: unapoteza volti njiani, mota inazunguka polepole na kupata joto zaidi.

Nafasi ya tatu: pampu ya mkononi

Ile inayoenea mfukoni au karibu yake, yenye betri ya ndani ya wati-saa 20 hadi 30. Kwa kazi ya kila mwezi inapendeza: unaweka 42, unabonyeza, inajizima. Kwa dharura ina mipaka miwili. Ya betri tumeshaihesabu. Ya pili ni joto. Silinda ndogo haina pa kumwagia joto, na watengenezaji wengi huandika kwenye kijitabu ipumzishwe baada ya dakika 8 au 10. Ukilazimisha, kichwa cha shaba kinakuchoma vidole, mpira unalainika pale unapoingia kwenye pampu, na pete ya pistoni inaanza kuvujisha. Tangu siku hiyo pampu itazunguka vizuri na haitavuka psi 30.

Ukiichagua, ichaji kila miezi mitatu, na usiiache kwenye gari lililoanikwa juani. Betri za lithiamu huzeeka haraka kwa joto, na hazifai kuchajiwa chini ya nyuzi 0.

Nafasi ya nne: kifurushi kilichokuja na gari

Pampu iliyomo mara nyingi ni ya kutosha tu. Tatizo ni chupa ya gundi. Gundi inaziba tundu dogo la kwenye sehemu inayokanyaga, kwa kawaida hadi milimita 4 au 6; haizibi ubavu. Ina tarehe ya kuisha, imeandikwa kwenye chupa, isome leo. Tairi nyingi za magari ya umeme zina sponji iliyogandishwa ndani kupunguza kelele. Gundi ikiingia humo, fundi wa tairi atakuwa na kazi ya kukwangua, na wengine hukataa kabisa kuziba pancha hiyo. Inaweza pia kuganda kwenye sensa ya presha. Kwa hiyo gundi iwe ya mwisho. Kama msumari unavujisha psi 5 kwa saa, uache ulipo, jaza upepo, endesha hadi kwa fundi. Na unapotumia kifurushi kujaza upepo tu, hakikisha mpira haupiti kwenye chupa. Vifurushi vingine vina kitufe cha kuchagua gundi au hewa, na kosa la kitufe hicho halirudishwi.

Za kuacha

Kompresa kubwa za silinda mbili zinazobanwa kwenye vichwa vya betri, zinazovuta ampea 30 au zaidi, zimetengenezwa kwa magari ya porini yenye betri kubwa ya kuwashia injini. Betri ndogo ya gari la umeme haikukusudiwa kazi hiyo, na pengine imefichwa chini ya vifuniko. Usitafute njia ya mkato kwa kugusa nyaya za rangi ya machungwa: hizo ni za volti ya juu, zinaua.

Kama gari lako linatoa umeme wa nyumbani, kama Hyundai Ioniq 5 na Kia EV6 zinazotoa hadi kilowati 3.6, unaweza kuendesha kompresa ndogo ya gereji popote. Inafanya kazi vizuri, ila ni mzigo wa kubeba.

Kichwa cha mpira, geji, na majaribio ya siku ya kwanza

Kichwa cha kuzungusha kinashika vizuri lakini huvuja unapokifungua, mara nyingine psi 1 au 2. Cha kubana kwa kidole kinatoka mara moja. Hicho ni bora, mradi mpira wake wa ndani uwe mzito. Vali za sensa za metali mara nyingi ni za alumini: usiache kichwa cha shaba au kifuniko cha shaba juu yake kwa wiki, metali hizo mbili hulana na kugandana, na vali inaweza kukatika.

Geji ya pampu husoma juu zaidi pampu inapofanya kazi, kwa sababu inapima presha iliyomo kwenye mpira, si kwenye tairi. Ikijizima kwenye 42, subiri sekunde chache usome tena. Ukiinunua, fanya hivi siku hiyohiyo, gari likiwa limesimama saa tatu au zaidi: pima tairi moja kwa geji ya mkononi unayoiamini, ipunguze hadi 30, ijaze hadi 42 ukishika saa, kisha pima tena kwa geji ileile. Tofauti ya psi 1 inavumilika. Iandike kwa kalamu juu ya pampu. Ikifika 3, au pampu ikichukua zaidi ya dakika 5, irudishe dukani risiti ikiwa bado mpya.