Kayaki ya kukodi Chicago: nguzi wazi, halafu mimi ndiye nisiyejua maji

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya mto, si yao.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu nikijiambia nitulie kwanza ndipo niandike. Sijatulia. Ilikuwa kiangazi kilichopita, Julai au mwanzo mwanzo wa Agosti, siku ya joto la kunata. Mtoto wa kaka yangu, aliyekulia hukuhuku Chicago, akaniganda: "Shangazi, twende tukapige kafi mtoni, kila siku wasema wewe ni mtu wa vyombo." Haya, twende.

Mimi ni mtu wa Lamu. Nayasema haya mapema kwa sababu hasira yangu yote inaanzia hapo. Babu alikuwa nahodha wa jahazi. Mjomba alikuwa fundi wa vyombo Matondoni, na kazi yangu ya kwanza hapa duniani, kabla sijajua kusoma, ilikuwa kukaa ngamani, chini kabisa ndani ya mashua yake, nikifua maji kwa kopo la rangi. Sasa fikiria kijana wa gatini, miwani ya jua utosini, ananitazama na mtandio wangu kuanzia juu hadi chini, kisha anamgeukia mpwa wangu: "Mama yako anajua kuogelea?"

Mimi nipo papo hapo. Mdomo ninao.

Nilinyamaza. Nikavaa jaketi la kuokolea, nikatia sahihi ile fomu yao ndefu kwenye simu, nikasikiliza maelezo yake: kaeni upande wa kulia, mkivuka mto vukeni moja kwa moja, msijikate mbele ya boti kubwa. Maelezo mazuri, sitayatia ila. Alichosahau ni kukitazama chombo chenyewe. Kayaki hizi za plastiki za kukalia juu zina uwazi ndani, na kule tezini, yaani nyuma ya chombo, kuna tundu la kumwagia maji lenye kizibo cha kuzungusha. Sisi tundu hilo twaliita nguzi. Chombo cha mjomba hakikushuka majini hata siku moja kabla ya mtu kutia kidole pale kuhakikisha pamezibwa. Yetu ilikuwa wazi. Na mimi, mjukuu wa nahodha, sikuitazama. Nilikuwa nimekasirika mno kuweza kutazama kitu. Hilo ndilo linalonichoma zaidi mpaka leo.

Mwanzo ulikuwa raha, siwezi kudanganya. Tuliteremka tawi la kaskazini, maji ya kijani kizito, tukapita lile daraja la zamani la treni karibu na Kinzie Street ambalo limeinuliwa juu na treni hazipiti tena. Daraja la magari la hapohapo mpwa wangu alinikataza kuangalia juu. Mwaka 2004 basi la bendi moja maarufu lilifungulia choo chake juu ya daraja hilo, ambalo sakafu yake ni ya wavu wa chuma, na chini ikawa inapita boti imejaa watalii. Nilicheka mpaka kafi likanitoka mkononi. Kisha unafika Wolf Point, matawi mawili yanapokutana na mkono mkuu wa mto, na majengo yanakuzunguka kama watu waliokuja kukuchungulia. Nimeishi mji huu miaka mingi na sikuwahi kuuona hivyo, kutoka chini, kwa macho ya bata.

Tukakata kushoto kuelekea ziwani. Hapo ndipo chombo kikaanza kuwa kizito. Mpwa wangu, msomi, akasema: "Ni mkondo huo, Shangazi. Mto huu waliugeuza mwaka 1900." Ni kweli, zamani ulikuwa ukimwaga Ziwa Michigan, wakachimba mfereji ili uchafu wa mji usiende kwenye maji ya kunywa, mto ukaanza kukimbia kinyume. Kwa hiyo kwenda ziwani ni kupanda mkondo. Nikaikubali sababu ile. Lakini mkondo wenyewe ulikuwa wa kivivu, jani halisogei, na sisi tunahema.

Halafu nikasikia. Kila tukiegemea upande, kitu ndani kinatiririka kuufuata. Boti ya watalii ikapita, mawimbi yakagonga ukuta wa zege yakarudi, kayaki ikalala. Chombo kikavu kikilala huinuka chenyewe. Hiki kililala, kikafikiri kwanza.

Nilijua palepale. Na tulikuwa wapi? Kati ya madaraja ya LaSalle na Clark, mahali ilipopindukia meli ya Eastland Julai 1915 ikiwa bado imefungwa gatini, imejaa wafanyakazi wa kiwanda na familia zao wanakwenda mandari. Walikufa watu 844, hatua chache kutoka barabarani. Meli nzito juu, na maji yanacheza chini katika matangi yake. Mpwa wangu alikuwa amenisimulia habari hiyo kwa furaha tele dakika kumi kabla. Sasa alikuwa kimya.

Tukajivuta hadi ile sehemu ya Riverwalk, njia ya miguu kando ya mto, kayaki zinapoweza kuegeshwa, nikawapigia simu. Akapokea yuleyule. Nikamwambia chombo kina maji ndani, nguzi iko wazi. Neno la Kiingereza sikuwa nalo, nikasema tundu la nyuma. Akaniita "madam" kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto aliyeota vibaya. "Hayo ni matone ya kafi tu, madam. Watu wa mara ya kwanza hushtuka sana." Mara ya kwanza! Nikamwambia nayasikia maji yanatembea. Akasema kayaki hizi hazizami. Kisha, wallahi sitii chumvi, akanikumbusha kwamba muda wetu umebaki dakika ishirini.

Nilifanya alichokuwa akifanya mjomba bahari ikimkuta vibaya: uzito wote omoni, yaani mbele, tezi iinuke, nguzi itoke majini. Mpwa wangu akasogea mbele akajikunja mithili ya gunia la nazi, mimi nikakaa karibu ya mgongo wake. Tukarudi hivyo, polepole, tunaambaa ukutani, kila boti ikipita tunasimamisha makafi na kusoma tunachokijua. Kijana aliyezoea kuniambia "najua, najua" alinitii neno kwa neno. Kusema kweli, sijui kama nimewahi kumpenda mtoto yule kuliko saa ile. Na jua lilikuwa linashuka kwenye vioo vya majengo, mto mzima ukawa rangi ya samli. Kama wangenipa chombo kizima ningewapa nyota tano na kuwaombea dua.

Tulichelewa, bila shaka. Gatini wakataka kuinua kayaki watu wawili, ikawashinda, wakamwita wa tatu. Walipoiinamisha maji yakamwagika kutoka tezini muda mrefu, mfululizo, kama bomba la msikitini lililosahauliwa. Watu wakageuka kutazama. Nikamtazama yule wa miwani. Unajua aliniuliza nini? "Nyinyi ndio mliotoa kizibo?"

Na faini ya kuchelewa wakakata, dola thelathini.

Kulikuwa na msichana anafanya kazi pale, umri wa mwanafunzi, aliyekuja kunipokea jaketi. Akaninong'oneza: "Hiyo ilirudi hivyohivyo jana." Yeye aliniomba msamaha, peke yake, na pole yake ilikuwa ya kweli. Niliandika malalamiko, faini wakairudisha baada ya wiki kadhaa, kodi hawakurudisha. Kwa ajili ya msichana yule nilitaka kupandisha hadi nyota mbili. Kisha nikakumbuka "mama yako anajua kuogelea" na nyota ya pili ikashuka yenyewe.

Je, usiende? Nenda. Mto hauna kosa, na wenye kukodisha ni wengi. Mpwa wangu ameshaanza kuniuliza ni Jumamosi gani tunarudi, na najua tutarudi. Ila geuza chombo mwenyewe, tia kidole tezini mbele yao, wacha wakutazame wanavyotaka. Vizibo vya akiba huuzwa dukani bei ya chai na mandazi. Mimi nimenunua viwili, saizi mbalimbali, vimo mkobani pamoja na tasbihi.