Kusafishwa fizi kwa kina nikiwa na kisukari: uzoefu wangu Mbeya

Nina kisukari aina ya pili. Huduma ninayoielezea ni kusafishwa meno chini ya ufizi, ile ya kuondoa ugaga hadi kwenye mzizi, niliyofanyiwa katika kliniki binafsi ya meno maeneo ya Mwanjelwa. Naipa alama za juu, na natamani kila mwenye sukari anayetokwa damu kwenye fizi aijue.

Fizi zangu zilikuwa nyekundu na zimevimba, mate ya kwanza asubuhi yana damu, na mdomo una harufu isiyosikia dawa ya meno. Duka la dawa nililopitia mwanzoni waliniuzia amoksisilini bila hata kuniambia nifungue mdomo. Uvimbe ulipungua, dozi ilipoisha ukarudi vilevile. Bakteria wanajenga ndani ya ugaga, na ugaga umegandamana na mzizi kule ambako mswaki haufiki. Vidonge peke yake haviung'oi, wala maji ya chumvi. Ni lazima ukwanguliwe.

Kilichonifanya niwaamini ni vipimo. Kabla ya kuanza lolote daktari alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akawa anakizamisha taratibu kati ya jino na ufizi, huku nesi anaandika. “Mbili, tatu, tatu. Tano. Sita, damu.” Ufizi wenye afya hauvuki 3. Magego yangu ya nyuma yalisoma 5 na 6, yaani ufizi umeachia jino na pamebaki mfuko. Akanionyesha kwenye picha ya eksirei jinsi mfupa ulivyoshuka. “Mama, huu ulioliwa haurudi. Tunalinda uliobaki.” Nilishukuru kuambiwa ukweli.

Walisafisha upande mmoja, wa pili nikarudi siku nyingine. Sindano ya ganzi inauma inapoingia, baada ya hapo unasikia mtetemo wa mashine na maji mengi, kisha kukwanguliwa kwa mkono. Nenda asubuhi ukiwa umekula na umekunywa dawa zako kama kawaida, maana ganzi ikishakolea kutafuna ni shida na sukari inaweza kushuka. Mimi walinipima kidoleni kabla sijakaa kwenye kiti, jambo zuri sana.

Kuhusu sukari yenyewe: fizi zilizovimba muda mrefu humwaga kwenye damu kemikali zinazoifanya insulini ishindwe kazi yake, na sukari ikipanda, fizi nazo huzidi kuoza. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2022 yalionyesha kwamba tiba hii hushusha HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kwa wastani wa takriban asilimia 0.4 baada ya miezi mitatu hadi minne. Yangu ilitoka 8.6 ikafika 7.9. Kipindi hicho nilikuwa pia nimepunguza ugali na viazi, kwa hiyo siwezi kuipa tiba ya fizi sifa yote. Dawa zangu sijaacha, na hakuna aliyeniambia niache.

Kasoro zipo. Uvimbe ukiisha ufizi hunywea, mizizi inabaki wazi, na maji ya bomba ya Mbeya mwezi wa saba yanapenya hadi kwenye ubongo. Hakuna aliyenitahadharisha; dawa ya mswaki ya meno yanayoshtuka kwa baridi ndiyo iliyonisaidia. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini waliyonipa kwa wiki mbili iliyapaka meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya chai. Bei pia walinitajia ya upande mmoja tu, kwa hiyo uliza jumla yote kabla, na uliza bima yako inagharamia nini.

Linaloniuma zaidi liko nje ya kliniki ya meno. Kliniki ya sukari ninayohudhuria hunikagua macho na miguu, lakini mdomo hakuna aliyewahi kuuulizia. Tuulize sisi wenyewe, tuombe rufaa. Mimi sasa narudi kila baada ya miezi mitatu na karatasi yangu ya HbA1c mkononi. Mara ya mwisho damu ilikuwa imekauka karibu kote, ile 6 imekuwa 4, na daktari akasema gego lile atalipima tena kabla ya kuamua kama linahitaji upasuaji mdogo.