Kulala Regensburg siku tatu: malazi ya kulipia na ya kuacha

Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Tanga, nilimchukulia chumba katikati kabisa ya mji mkongwe wa Regensburg, Ujerumani. Picha zilipendeza: boriti nyeusi darini, dirisha dogo, mapaa ya vigae vyekundu hadi kwenye minara ya kanisa kuu. Ngazi hazikuwemo kwenye picha. Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na chini yake kulikuwa na baa iliyojaa watu hadi saa nane usiku. Mama si mtu wa kulalamika. Asubuhi ya pili alisema tu kwamba angependa kubaki chumbani, nami nikajua ni magoti. Nilikuwa nimelipa fedha nyingi, na mapumziko aliyoyafuata hakuyapata.

Tangu hapo nimerudi Regensburg mara nyingi. Naishi Nürnberg, treni ni mwendo wa saa moja hivi, na kila mgeni anayetoka nyumbani akitaka sehemu tulivu yenye mto na historia, huko ndiko ninakompeleka. Nimelala pande zote za mji huu. Mpangilio ufuatao ni wa mtu anayetaka kutembea polepole, kula vizuri na kukaa kwenye benchi akitazama mto Donau (Danube) unavyopita. Anayetaka kuona miji mitano kwa siku nne ana mahitaji mengine.

Unachonunua hasa

Warumi walijenga ngome yao hapa mwaka 179, na sehemu ya lango lake, Porta Praetoria, bado imesimama ukutani karibu na kanisa kuu. Daraja la Mawe, Steinerne Brücke, lilijengwa kati ya 1135 na 1146. Vita Kuu ya Pili iliuharibu mji huu kidogo tu ukilinganisha na miji mingine mikubwa ya jimbo hili la Bavaria, kwa hiyo nyumba unazoziona, pamoja na ile minara ya matajiri wa biashara wa zama za kati, ni zenyewe. Hazikujengwa upya kwa mfano wa zilizobomoka. UNESCO iliuingiza mji mkongwe pamoja na kitongoji cha Stadtamhof katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Kwa mnunuzi wa malazi, uzuri huo una gharama yake. Nyumba zinalindwa na sheria, huwezi kutoboa ukuta wa miaka mia saba uweke lifti kama upendavyo. Kiyoyozi ni nadra, na vyumba vya chini ya paa huwa vya moto mwezi wa Julai. Barabara ni za mawe, begi la magurudumu linarukaruka njia nzima. Upande wa pili, mji wenyewe ni mdogo. Aliyezoea vichochoro vya Lamu au vya Mji Mkongwe wa Unguja atauelewa siku ya kwanza, na karibu kila kitu utakifikia kwa miguu.

Kwa sababu hiyo siangalii nyota za hoteli. Natazama mambo matatu: chumba kiko wapi, kuna lifti au ngazi ngapi, na dirisha linatazama nini usiku.

1. Gesti au hoteli ndogo Stadtamhof

Hili ndilo chaguo langu la kwanza, na silioni likishindwa na jingine kwa mtu anayetaka utulivu. Stadtamhof iko ng'ambo ya mto, upande wa pili wa Daraja la Mawe. Ilikuwa mji unaojitegemea hadi 1924 ilipounganishwa na Regensburg, na bado ina tabia ya mji mdogo wa peke yake: mtaa mmoja mpana wenye nyumba za rangi za kupauka, mikahawa michache, watu wanaosalimiana. Jioni baa za upande wa pili zikichangamka, huku unasikia maji.

Daraja lilifungwa kwa magari ya watu binafsi mwaka 1997, na kwa mabasi na teksi mwaka 2008. Ni la waenda kwa miguu na baiskeli. Kulivuka asubuhi mapema, kabla wageni wa meli za mtoni hawajafika, ni jambo ambalo halipo kwenye bei ya chumba chochote. Na ukiwa Stadtamhof unalivuka kila siku kwa sababu ndiyo njia yako. Mandhari yote pia iko upande wako, kwani ukikaa ukingoni unautazama mji mzima: daraja, ghala la zamani la chumvi, minara ya kanisa kuu yenye mita 105. Bustani ya Katharinenspital, ile hospitali ya wakfu ya tangu karne ya 13, ina meza chini ya miti kando ya mto. Wanatengeneza bia yao wenyewe, lakini asiyekunywa ataagiza maji ya tufaha yenye gesi, Apfelschorle, akae muda wote anaotaka bila kuulizwa.

Mama aliporudi mara ya pili nilimweka huku, ghorofa ya kwanza, ngazi kumi na mbili. Nilizihesabu kwa simu na mwenye nyumba kabla sijalipa. Siku moja alivuka daraja mara nne, na mara ya nne alikwenda peke yake kununua mkate.

Kuna dosari mbili. Kutoka stesheni, basi au teksi lazima izunguke kwa daraja jingine, kwa hiyo uliza kituo cha kushukia. Pili, uwanja wa sherehe za Dult uko upande huuhuu wa mto. Zinapofanyika, mwezi wa Mei na tena mwishoni mwa Agosti kuingia Septemba, utulivu hupungua na vyumba huadimika.

2. Mji mkongwe, kwa masharti

Wengi wangeuweka wa kwanza. Mimi nauweka wa pili kwa sababu ya kelele. Regensburg ina chuo kikuu kikubwa, na wanafunzi hukaa nje hadi usiku wa manane. Vichochoro kati ya kanisa kuu na mto ndivyo vyenye kelele zaidi. Upande wa kusini, kuelekea kasri la St. Emmeram, nimeukuta na usingizi mzuri.

Sharti ni kuomba chumba kinachotazama uani. Nyumba hizi za kale zimejengwa kuzunguka ua wa ndani, na tofauti ya kelele kati ya upande wa mtaani na wa uani inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya hoteli na hoteli. Chumba cha uani kwa kawaida hakina mandhari, na huna haja nayo: mandhari iko hatua ishirini nje ya mlango.

Ukikuta neno *garni* kwenye jina la hoteli, maana yake ni kwamba wanatoa kifungua kinywa tu, hakuna chakula cha mchana wala cha jioni. *Gasthof* ni mgahawa wenye vyumba juu. Chakula chake mara nyingi ni kizuri, ila huwa na siku ya mapumziko kila wiki, na siku hiyo mapokezi yanaweza kuwa yamefungwa. Ukifika siku hiyo bila kupewa maelekezo ya ufunguo, utasimama nje na mabegi.

3. Fleti ya likizo

Kwa familia yenye watoto, au kwa watu wasioweza kuishi siku tatu bila wali uliopikwa nyumbani, fleti inapanda hadi nafasi ya kwanza. Zilizo kwenye visiwa viwili vya mtoni, Oberer Wöhrd na Unterer Wöhrd, zinavutia kwa sababu ya miti na ukingo wa maji.

Piga hesabu vizuri, hata hivyo. Ada ya usafi hutozwa mara moja tu, ulale siku mbili au kumi. Kwa siku mbili inaweza kufanya fleti ya bei nafuu iwe ghali kuliko hoteli yenye kifungua kinywa. Kisha kuna suala la ununuzi: maduka ya Bavaria hufungwa saa mbili usiku, na Jumapili hayafunguliwi. Ukifika Jumamosi usiku na friji tupu, Jumapili utategemea bekari na migahawa. Nunua mchele kabla.

4. Karibu na stesheni

Hoteli za hapa ni majengo ya kisasa, lifti zipo, vyumba vinafanana. Kutoka hapo hadi Daraja la Mawe ni kama dakika ishirini kwa miguu, na unapita kwenye mkanda wa bustani unaouzunguka mji mkongwe. Ni chaguo la maana kwa mzee mwenye mizigo mizito, au kwa usiku wa mwisho kabla ya ndege: kuna treni ya moja kwa moja kwenda uwanja wa ndege wa München kupitia Landshut. Lakini ukilala huku siku zote tatu, mto utakuwa kitu cha kuendea, na ulikuja kukaa nao.

5. Pembezoni, kando ya barabara kuu

Bei ni ya chini na maegesho ni bure. Mwenye gari anayepita njiani apumzike usiku mmoja. Asiye na gari aache. Akiba yote itaishia kwenye nauli na kungoja basi la jioni.

Kulala München na kuja kwa siku moja sikukuweka kwenye orodha kabisa. Ni saa moja na nusu kwenda na nyingine kurudi, na utaondoka wakati ule mji unapoanza kutulia.

Siku za kuchagua

Ningeingia Jumamosi na kutoka Jumanne. Jumapili saa nne asubuhi, nje ya likizo za shule, Regensburger Domspatzen huimba misa katika kanisa kuu. Kwaya hii ilianza mwaka 975, na hata Mwislamu au asiye na dini atakaa kimya akiisikiliza. Jumatatu makumbusho mengi hufungwa, basi panda meli kwenda Walhalla, hekalu la marumaru ambalo mfalme Ludwig wa Kwanza alimpa Leo von Klenze alijenge, likafunguliwa 1842. Lina ngazi zaidi ya 300 kutoka chini, na kulitazama kutoka mtoni kunatosha. Meli hazitembei majira ya baridi. Desemba kuna masoko ya Krismasi, na bei za vyumba hupanda wikendi zote.

Kabla ya kulipa

Kwa anayetoka Afrika Mashariki na kuomba viza ya Schengen: utatakiwa kuonyesha mahali pa kulala, basi chukua nafasi inayoweza kughairiwa bila hasara hadi viza itoke, hata ikiwa ghali kidogo. Bei ya chini isiyorudishwa ni ya mtu ambaye pasi yake tayari imegongwa. Ukifika utajaza fomu na kuonyesha pasi. Wageni wasio Wajerumani bado hudaiwa hivyo. Kodi ya mji kwa kila usiku Regensburg haitozi, Bavaria iliizuia mwaka 2023. Akikudai mtu, uliza ni ya nini.

Asiyekula nguruwe ajifunze neno *Schwein*. Soseji za Wurstkuchl, jiko maarufu kando ya daraja, ni za nguruwe. Samaki na *Käsespätzle*, tambi za mayai zenye jibini, utavipata sehemu nyingi. Na ubebe fedha taslimu, gesti ndogo nyingine hazipokei kadi.

Mwisho, waandikie kabla ya kuthibitisha. Ujumbe huu niliunakili mara nyingi, na wenye nyumba huujibu kwa uungwana: *Gibt es einen Aufzug, oder wie viele Stufen sind es bis zum Zimmer? Wir hätten gern ein ruhiges Zimmer zum Hof.* Unauliza kama kuna lifti au ngazi ni ngapi hadi chumbani, na unaomba chumba tulivu cha upande wa uani. Wakikujibu idadi kamili ya ngazi, lipia. Wakikwambia "si nyingi", uliza tena.