Mafunzo ya wafanyakazi kwa kompyuta: mfumo wa kulipia na Moodle, nilivyoviona kwa biashara ndogo

Nianze na hili, ile maktaba ya kozi mamia kwa mamia wanayokuuzia kwenye kifurushi, achana nayo. Biashara ndogo haina njaa ya kozi za "uongozi bora". Shida yake ni kwamba kuna mtu mmoja mzoefu ndo anajua kila kitu, kila akija mgeni anaanza upya kumwelekeza yale yale, na siku akiumwa au akiacha kazi wote mnabaki mnaangaliana. Hiyo ndo kazi niliyotaka kompyuta itusaidie na review hii naiandika kwa jicho hilo. Sisi tunauza vifaa vya umeme, tuko wachache, hatuna mtu wa IT wala ofisi ya utumishi.

Tulianza na mfumo wa mafunzo wa kulipia, jina naliacha. Ni mzuri kwa macho, kuingia ni rahisi, unalipa kwa kichwa kila mwezi na masomo yapo tayari. Sasa fungua somo lenyewe. Mfano wa kwanza kabisa unamwambia mfanyakazi "wasilisha taarifa kwa idara ya rasilimali watu", idara gani tena jamani, huku idara zote ni mimi na dada wa kaunta. Kila kitu kimeandikwa kwa kampuni yenye ghorofa, halafu somo moja ni video ya dakika arobaini. Kijana anaibonyeza, anaiacha icheze yeye anaendelea kuhudumia wateja, mwisho ripoti yangu inaniletea rangi ya kijani, amemaliza asilimia 100. Kesho yake mteja anarudisha breka iliyofunguliwa boksi, kijana huyo huyo wa asilimia 100 hajui aingize wapi kwenye kompyuta, anaita watu kama kawaida. Yaani ripoti inapima video imecheza, haipimi mtu kaelewa, na wauzaji wa hii mifumo wanaipenda sana hiyo kijani maana ndo wanayomwonyesha bosi siku ya kuuza.

Kilichoniudhi zaidi ni mawili. Mtu akiacha kazi nafasi yake unaendelea kuilipia mpaka mkataba uishe, na biashara ndogo watu wanaingia na kutoka kila mara. La pili, masomo tuliyotengeneza wenyewe mle ndani hayatoki. Kuna utaratibu unaitwa SCORM, wa tangu miaka ya 2000 mwanzoni, unaofungasha somo liweze kuhamia mfumo mwingine, toleo lake la 1.2 la mwaka 2001 mpaka leo linatumika sehemu nyingi. Huu mfumo ulikubali kupokea SCORM lakini kutoa haukutoa. Na hata ukiwa na faili lako mkononi angalia limetengenezwa na nini, waliokuwa na masomo ya Flash, ile programu ya zamani ya kuchezesha video na katuni kwenye mtandao, waliona yamekufa yote kampuni ya Adobe ilipoacha kuihudumia mwisho wa 2020.

Tukahamia Moodle, nayo ni programu ya kuweka masomo na maswali yako mwenyewe watu wasome kwa kompyuta au simu. Imeanzishwa na Martin Dougiamas kule Australia, toleo la kwanza lilitoka 2002, programu ni huria na huilipii leseni. Ila neno bure lisikudanganye, unahitaji seva ya kuiweka, yaani kompyuta inayowaka muda wote, unahitaji mtu wa kuisasisha na kuchukua bakapu, kama huna mtu huyo utamlipa, au utachukua ile ambayo wenyewe wanakuhifadhia kwa malipo. Na menyu zake mh! Ilitengenezwa kwa ajili ya shule na vyuo kwahiyo kila kona kuna maksi, mihula, makundi ya wanafunzi, unatafuta sehemu ya kuweka picha moja unajikuta kwenye mipangilio ambayo hata hujui ni ya nini. Wiki za mwanzo zinachosha, sikufichi.

Ila kwizi zake ndo zimenifanya nibaki. Nichukue somo letu la kupokea mzigo. Hakuna video, ni picha chache tulizopiga kwa simu, deliveri noti halisi yenye kalamu na mhuri, kisha swali: mzigo umefika, dereva ana haraka, karatasi inasema boksi 12 wewe umehesabu 11, unafanya nini? Majibu manne, na kila jibu lina maelezo yake ukilichagua. Aliyechagua "nasaini halafu nampigia bosi" anakutana na maneno ya mzee wetu wa stoo kama alivyoyasema mwenyewe: "Ukishasaini, hilo boksi umelila wewe, dereva hakujui tena." Hicho kisentensi kimefanya kazi kuliko video zote tulizolipia. Mzee mwenyewe kompyuta hana habari nayo, yeye aliongea dada wa kaunta akachapa, na naona ndo njia nzuri kwa wazoefu wengi, usimlazimishe mtu wa stoo awe mtunga kozi.

Kuna sababu nasisitiza kwizi. 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi wasome, wengine wakarudia kuisoma, wengine wakatakiwa kuikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, baada ya wiki moja waliojaribiwa ndo wakawa wanakumbuka zaidi. Ndo maana mtu akitoka kwenye semina anaona kaelewa kila kitu, wiki ijayo hola. Kwahiyo sisi maswali ya somo la zamani tunayarudisha baada ya muda, Moodle inayachota yenyewe bila mpangilio kutoka kwenye benki ya maswali, mtu hawezi kukariri kwamba jibu la tatu ni C. Pia unaweza kulifunga somo linalofuata mpaka mtu afaulu hili. Kwenye simu kuna programu yake, unapakua somo ukiwa na wifi unasoma baadaye bila bando, hiyo watu wameipenda.

Isipokuwa mikono haifundishwi kwenye skrini. Kubana waya kwenye kiunganishi, au kumtuliza mteja aliyekuja na hasira, mtu anaweza kupata maksi zote na akishika kifaa akakiharibu. Hapo mzoefu anasimama pembeni anaangalia mgeni akifanya kwa mkono, akiridhika ndo anamwekea alama kwenye mfumo. Tofauti na zamani ni kwamba mzoefu sasa hatumii pumzi yake kueleza risiti inapotokea, anaitumia kwenye yale yanayohitaji jicho lake. Na muda wa kusoma uwe ndani ya saa za kazi, ukimwambia mtu akasomee nyumbani atabonyeza endelea endelea mpaka mwisho, na mimi sitamlaumu.

Kama mko watu watatu wanne hata Moodle usihangaike nayo, Google Forms ina sehemu ya kuifanya fomu iwe kwizi, unaweka majibu sahihi na maelezo, ongeza picha za simu basi inatosha. Wa kulipia nampa nyota 2, moja ya urahisi wa kuanza na moja ya muonekano. Moodle nyota 4, ya tano imekula menyu. Ukiamua kulipia hata hivyo, kabla hujasaini mwambie muuzaji atoe somo moja kutoka kwenye mfumo wake hapo hapo mbele yako alifungue kwenye mwingine, halafu muulize nafasi ya mtu aliyeacha kazi unampa mwingine siku hiyo hiyo au mpaka lini.